Shingo Uliyotuachia

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi hii kumekucha na mawingu ya chini na upepo mkavu. Mvua iliyotishia tangu jana haikunyesha.

Mwaka umezunguka, Fundi, tangu siku uliyotutoka. Ulikuwa umeketi kwenye benchi la karakana yako, umevua glovu za kazi, unasubiri chai. Chai ilipofika, ulikuwa umeshakwenda. Aliyeileta ni mkeo. Alikiweka kikombe mezani polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala, akakufumba macho, ndipo akaita majirani. Tunayasema haya bila kelele kwa kuwa hata wewe hukupenda kelele.

Kwa wasiokufahamu, ulikuwa fundi vioo. Madirisha mengi ya mtaa wetu yamepita mikononi mwako, na anayetazama nje kupitia madirisha hayo hakuoni wewe, anaona barabara. Uliihesabu hiyo kuwa sifa. "Kioo kizuri," ulikuwa ukisema, "ni kile ambacho mtu anakigonga kwa pua."

Ulikuwa na desturi moja ambayo wateja hawakuipenda. Kila asubuhi, kabla hujagusa kioo cha mtu, uliingiza mkono kwenye pipa la vigae vya kioo, ukachagua kimoja, ukakipangusa, ukachovya kalamu ya kukatia kwenye mafuta ya taa, ukapiga mstari mmoja. Basi. Kigae kikarudi pipani. Mteja aliyesimama mlangoni akaguna.

"Fundi, mimi nina haraka."

"Wewe una haraka, mkono wangu bado umelala. Unataka nikukatie kwa mkono uliolala?"

Hakuna aliyetaka.

Waliokuja kujifunza kwako hawakukabidhiwa kioo kizima mpaka wamekata vigae wakavichoka. Uliwapa kipande, wakakitoa vibanzi vyembamba, na vibanzi wakavigawa tena, mpaka vikawa vidogo visivyofaa hata kuitwa vigae. Hukuwa mkali. Ulisema tu, "Rudia," kwa sauti ile ile ambayo mtu mwingine husema "Karibu." Wengine walikimbia wiki ya kwanza. Waliobaki wanakula kwa mikono yao mpaka leo.

Kazi yenyewe wengi wanadhani ni ya macho. Wewe ulifundisha kwamba ni ya sikio. Kalamu ya kukatia ina kigurudumu kidogo sana kwenye ncha. Kikipita sawasawa juu ya kioo, kunatoka mlio mmoja mwembamba, kama kitambaa kinachochanwa chumba cha pili. Ukikandamiza, mlio unakwaruza. Ukilegeza, unakatika. Na mstari hupigwa mara moja tu. Huwezi kurudi juu yake ukaurekebisha. Ndiyo maana ulisikiliza. Na kwa kuwa sikio lako la kushoto liliharibika kwa ugonjwa ukiwa mtoto, uliilaza shingo upande wa kulia, ukalishusha lile zima karibu na kioo, na kukata ukiwa hivyo, kama mtu anayesikiliza umbea chini ya meza.

Wanafunzi wako wakainama nao. Hukuwaambia wainame. Walikutazama siku baada ya siku, na miili yao ikachukua ilichokiona. Mtaani ilikuwa rahisi kuwatambua. Mtu akipita amebeba fremu begani na shingo imelala kulia, watu walisema, "Huyo ametoka kwa Fundi." Mwanafunzi wako wa kwanza ndiye aliyeathirika kuliko wote. Anainama akikata, anainama akila, anainama akimwamkia mkwewe. Jina alilopewa na wazazi limeshasahaulika. Sote tunamwita Upande, na yeye huitika.

Mkeo naye, bila kufikiria, alikuwa na desturi yake iliyotokana na sikio hilo hilo. Alitembea kulia kwako. Tangu mlipooana hakuwahi kutembea kushoto, kwa sababu huko maneno yake yangepotea. Sokoni, msibani, njiani kwenda kusali, yeye kulia. Hata sasa akitembea na binti yenu humzunguka nyuma na kuja upande wa kulia, na binti yenu, ambaye masikio yake yote ni mazima, humwachia.

Mkeo alianza darasa la jioni ukiwa hai. Unakumbuka. Alikwenda kujifunza kusoma na kuandika akiwa na umri wa kuitwa bibi, akaketi kwenye madawati yaliyotengenezewa watoto, magoti yakigonga mbao. Nyumbani alijaza ukurasa mzima kwa herufi moja. Wewe ulichungulia juu ya bega lake.

"Hiyo ya mwisho imesimama vizuri. Hizo za juu zimelewa."

"Za juu ni vigae vyangu," alikujibu.

Ulicheka ukaketi karibu naye, na tangu siku hiyo hukumwuliza tena kwa nini anachelewa kupika siku za darasa. Huko huko darasani alipimwa macho, akapewa miwani yenye kipande cha kusomea chini na cha kutazamia mbali juu. Uliposikia kwamba sasa anauona ubao, ulisema, "Sasa utaniona nilivyozeeka." Akakujibu kwamba hilo aliliona bila miwani.

Baada ya matanga kwisha, kaka yako mkubwa, dereva mstaafu, alituita sote sebuleni. Hakuwa na nia mbaya, na hatutaki asomaye haya amfikirie vibaya. Alisema karakana bila fundi ni stoo. Upande alikuwa ameshaajiriwa na kampuni inayoweka madirisha kwenye majengo makubwa, hangeweza kuacha kazi ya mshahara. Na kinyozi wa chumba cha jirani, ambaye wateja wake husubiri nje juani, alikuwa ameomba chumba.

"Tumpe," alisema kaka yako. "Atavunja huo ukuta wa katikati, maisha yaendelee."

Mkeo akasema, "Nipeni mwaka."

"Mwaka wa nini, shemeji?"

"Wa kujifunza."

Tulitazamana. Binti yenu, muuguzi, aliufumba mdomo kwa kiganja.

"Shemeji, vioo? Vile vitu vinakata watu!"

"Visu vyangu vya jikoni navyo vinakata, na mmekula kwangu miaka yote hii."

Kaka yako alishindwa kujizuia, akacheka. Kisha akatoa masharti, maana yeye hata akicheka hasahau breki. Siku ya kumbukumbu ya mwaka, mkeo angekata kioo kizima cha mteja mbele ya familia. Akiweza, karakana ni yake na hakuna atakayeigusa. Asipoweza, ukuta unavunjwa, naye asinung'unike. Mkeo akakubali. Alikubali upesi mno, kama mtu ambaye tayari alishazungumza na Mungu kabla ya kuzungumza na sisi.

Akaanza. Kila asubuhi aliamka kabla ya jua, akasali, na ombi lake lilikuwa moja: "Mungu, nipe mkono wake." Kisha akaenda karakana, akawasha taa, akafagia, akafanya yote kama alivyokuona ukifanya. Kigae. Kitambaa. Mafuta ya taa. Rula. Na shingo. Hakukaa akaamua kuinama. Kwa miaka mingi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai akisubiri umalize mstari, na mwili wake ulikuwa umeshaijua sura ya kazi hiyo. Na sura hiyo ilikuwa na shingo iliyolala kulia.

Mstari ulianza vizuri. Ulipovuka katikati, ukapinda. Alipouvunja juu ya ukingo wa meza, kioo kikapasuka kwenda kinakotaka.

Akarudia, kwa kuwa ulikuwa ukisema rudia. Ukapinda. Akarudia kesho yake, na wiki nyingine, na mwezi mwingine. Vidole vikajaa plasta. Mkono ukawa mwepesi, mwendo ukawa mmoja, mlio ukaanza kutoka, na bado mstari ukapinda, mahali pale pale, kwa kiasi kile kile. Ungeweza kuvipanga vigae vyake kimoja juu ya kingine kama sahani, vyote vimekosewa kwa namna moja. Alikuwa amefuzu kukosea.

Binti yenu alikuja likizo, akaviona vidole vile, akasema kwa lugha ya wodini, "Mama, hebu tuache sasa."

"Bado sijajua."

"Na kama mkono umekataa?"

"Mkono haukatai, mwanangu. Mkono hauna kinywa."

Upande alikuwa akipita Jumamosi mchana, akitoka kazini. Mara za kwanza alikuja kubeba vitu vizito tu, akaondoka, kwa heshima, asionekane anamkagua mke wa mwalimu wake. Siku moja alichelewa kuondoka. Alisimama karibu na pipa, mikono nyuma, akamtazama mkeo akikata.

"Rudia, mama."

Akarudia. Ukapinda.

"Rudia tena. Ila safari hii usiinamishe shingo."

"Mbona wewe unainamisha?"

"Mimi nimeshaharibika, mama, usinichukulie mfano. Hata kwenye picha ya harusi yangu nimeinama, watu wanadhani nilikuwa nalia."

"Fundi alikata hivi."

"Fundi alikuwa hasikii kushoto."

Mkeo aliiweka kalamu chini.

"Niliwahi kumwuliza," Upande akaendelea. "Nilishafanya naye kazi miaka. Nikamwambia, Fundi, kwa nini tunainama? Akanitazama, akacheka mpaka akashika meza. Akaniambia, 'Mimi nainama kwa sababu sikio hili ni pambo tu. Wewe unainama kwa sababu gani?' Nikajaribu kuinuka, shingo ikagoma. Ilikuwa imeshakuwa yangu. Kwangu haikudhuru kitu, macho yangu ni mazima. Lakini wewe una miwani, mama. Ukiinama hivyo, jicho moja linapita kwenye kipande cha chini, jingine linapita kando yake. Hebu inama. Rula ina kingo ngapi upande wa kalamu?"

Mkeo akainama, akatazama.

"Mbili."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze."

"Na hukusema?"

"Nilidhani ndivyo kioo kinavyoonekana kwa anayekijua."

Upande hakucheka. Alichukua kitambaa, akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

Tungependa kuandika kwamba mkeo alifurahi kujua kosa lake. Hakufurahi. Alilijua sikio lako kuliko daktari aliyelitibu. Kwa ajili yake alilala kulia kwako, alitembea kulia kwako, hata aligombana nawe akiwa kulia. Hakuwahi kulihusisha na shingo. Kumbe kile alichokitunza kwa miezi yote ile kama ufundi wako kilikuwa ugonjwa wako. Na tena, kila asubuhi alipoinama juu ya kioo, alikuwa anakusikia. Hakumwambia mtu. Ila kwa dakika zile chache za mstari, mwili wake ulikuwa umekaa kama ulivyokaa wewe, na hicho ndicho alichokuwa anakiamkia.

Siku iliyofuata alijaribu kunyooka. Shingo ilitii mpaka kalamu ilipogusa kioo. Akili ilipohamia kwenye mstari, shingo ikarudi ilikozoea. Akajaribu tena, ikarudi. Mazoea hayaombi ruhusa. Jumamosi Upande akaja, akashauri amshikie kichwa, kisha yeye mwenyewe akajikatalia.

"Hapana, mama. Kinyozi akipita akaona nimekushika kichwa, kesho mtaa mzima umeshika tama."

Basi mkeo akatafuta dawa yake. Alipokuwa msichana alichota maji kisimani, akayabeba kichwani bila kushika, na shingo yake wakati huo haikujua kuinama kwa mtu. Akakunja kitambaa, akakizungusha kuwa ngata, akaiweka kichwani, juu yake akatua bakuli la maji. Akasimama mbele ya meza, akachukua kalamu, akakata.

Alipovuka katikati, shingo ikalala, na bakuli lote likammwagikia mgongoni na juu ya kioo. Ilikuwa asubuhi ya baridi. Akajaza bakuli tena.

Ndipo kinyozi akaingia, mashine mkononi, kuomba kubadilishiwa fedha. Alimkuta mkeo amelowa, ana bakuli kichwani, anakata kioo.

"Mama, unakata kioo au unahama?"

"Nahama."

"Unahamia wapi?"

"Nahama kutoka kwenye shingo ya marehemu."

Kinyozi hakujua acheke au atoe pole. Alitoa vyote viwili kidogo kidogo, akarudi kwake bila chenji, na mteja wake aliyekuwa amenyolewa nusu alikuwa wa kwanza kuipata habari. Kwa muda mrefu baada ya hapo watu walipita mbele ya karakana polepole kuliko ilivyohitajika. Mwalimu wa darasa la jioni naye alisikia, akamwuliza mbele ya wenzake kama ni kweli. Mkeo akasema ni kweli, na kwamba maji yamepungua kumwagika. Darasa zima likampigia makofi, maana wengi wao walikuwa watu wazima waliokuwa wanaacha jambo fulani lililowaganda.

Ilimchukua muda kuliko alivyotumaini. Kujifunza kupinda kulimchukua miezi michache. Kujifunza kunyooka kulitaka kuondoa kwanza, ndipo kuweka. Siku nyingine bakuli lilikaa, mkono ukasahau. Siku nyingine mkono ulikumbuka, bakuli likaanguka. Hakuruka siku. Ombi lake la alfajiri nalo lilibadilika. Hakuomba tena mkono wako. Alisema, "Mungu, nisaidie kurudia leo," akaenda.

Siku mstari uliponyooka mwanzo hadi mwisho, hapakuwa na mtu karakana. Mlio ulikuwa mmoja. Aliuvunja kioo juu ya ukingo wa meza, kikaachana kama mkate laini. Akashusha bakuli, akaketi kwenye benchi lako. Akampigia binti yenu simu.

"Leo nimekata vizuri."

"Mama! Hongera!"

"Sikumwona baba yako."

Binti yenu alikuwa kazini, kwenye korido ya wodi. Akasogea dirishani. "Ulikuwa unamwona wapi, mama?"

"Kwenye shingo."

Wodini mgonjwa mmoja akaita. Mkeo akasema, "Nenda kamhudumie," akakata simu. Siku hiyo hakula mchana. Kesho yake alijaza bakuli, akaanza tena, na siku iliyofuata, na nyingine. Hatujui alilishinda lini jambo lile. Tunajua tu kwamba asubuhi moja alisahau kuweka bakuli, akakata vioo vya mlango wa jirani, akala chakula chake, na hakugundua mpaka jioni, alipoikuta ngata kavu.

Leo tulikutana karakana baada ya sala. Kaka yako alivaa koti lake la sherehe. Upande aliomba ruhusa kazini. Kinyozi alifika na futi ya kupimia mfukoni, nusu yake ikichungulia, na tulipofungua mlango tayari alikuwa amesimama akiutazama ukuta wa katikati kama mtu anayetazama mchumba.

"Haya, shemeji," kaka yako akasema. "Kioo cha mteja. Mteja ni nani?"

Mkeo akamgeukia kinyozi. "Kioo chako cha ukutani si kimepasuka?"

"Kimepasuka, mama. Wateja wangu wamezoea kujiona vipande viwili. Mmoja juzi alinilipa nusu."

"Basi mteja ni yeye," akasema kaka yako, na kinyozi, ambaye alikuja kupima ukuta, akajikuta anatoa vipimo vya kioo.

Lile bamba kubwa la kioo cha kujitazamia uliloliacha limeegemea ukutani, Upande na kaka yako wakalibeba, wakalilaza juu ya blanketi la meza. Sote tukajiona humo, tumeinamia chini kama watu kwenye kisima. Mkeo akapangusa. Akatoa kigae pipani, akakipiga mstari, akakirudisha.

"Mbona ameanza na kibovu?" kaka yako akanong'ona.

"Tulia, baba mkubwa," akasema binti yenu.

Mkeo akaweka rula. Akavuta pumzi, midomo ikacheza kidogo, tunadhani alisali. Kisha kalamu ikagusa, na mlio ukaanza.

Uzuri na ubaya wa kukata kioo cha kujitazamia ni kwamba kinamwonyesha fundi sura yake. Mkeo alipofika katikati, sisi tuliosimama nyuma tuliona shingo yake ikianza kwenda kulia. Kidogo tu. Tulikuwa wengi, alikuwa na hofu, na hofu huwarudisha watu walikozoea. Upande aliiona kabla yetu. Kwa kuwa mstari ukishaanza hausimamishwi, alifunga macho. Binti yenu alishika mkono wake mwenyewe, ndivyo alivyotueleza baadaye, kwa kuwa hakujua amshike nani.

Mkeo aliona humo ndani mwanamke mwenye miwani, shingo inalala. Alituambia kwamba kwa kitambo kidogo alitaka kuiacha ilale. Kisha akainyoosha, mkono ukiwa bado unakwenda, mlio ukiwa bado mmoja. Aliyebaki kwenye kioo alikuwa yeye.

Akafika ukingoni. Akasogeza bamba, akalinganisha mstari na kona ya meza, akabonyeza. Sauti ilikuwa ndogo sana. Vipande vikaachana, na ukingo ulikuwa mnyoofu kama ukingo wa karatasi mpya.

Kaka yako alikizunguka kioo kile mara kadhaa. "Mimi ni dereva," akasema, "vioo sivijui. Lakini barabara iliyonyooka naijua." Akamgeukia kinyozi. "Ingiza futi yako mfukoni."

"Na chumba, mzee wangu?"

"Chumba kimo humo ndani ya kioo. Ukikitundika, duka lako litaonekana mara mbili."

Tulicheka sote, na kinyozi alicheka zaidi yetu. Kisha akaomba asaidiwe kubeba.

Vicheko vilipotulia, tukasoma dua kwa ajili yako. Tuliokuwepo ni mkeo. Binti yako muuguzi na mumewe. Kaka yako mkubwa. Dada yako mshonaji aliyesafiri tangu jana. Wajukuu zako, wakubwa kwa wadogo. Na Upande, ambaye hatumhesabu tena kuwa mgeni. Wengine waliotaka kuja wakashindwa wametutuma tukutajie kwamba wapo nawe.

Dua ilipokwisha, kaka yako aliuliza swali moja zaidi, kwa upole safari hii. "Shemeji, karakana ni yako. Tumekubaliana. Lakini na wewe siku moja utachoka. Wakija wa kujifunza, utawafundisha kwa njia ya nani? Yake au yako?"

Mkeo alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akasimama mahali ambapo wote tungemsikia.

"Nasema mbele yenu," alisema, "na Mungu ananisikia. Mlango huu nitaufungua kila siku ya kazi, maadamu nina nguvu. Atakayekuja kujifunza nitamwuliza kwanza anaonaje na anasikiaje. Akirudia vizuri nitamwacha arudie. Akirudia kosa sitamsifu kwa bidii, nitamsimamisha, nimtafutie lilipoanzia. Na wewe, baba wa binti yangu, hatutakusahau siku zote tulizojaliwa. Hawa watakukumbuka kila mtu kwa namna yake. Mimi nitakukumbuka nikiwa nimenyoosha shingo."